Siku moja maishani mwangu: fundi friji Mtwara na ampu ya kusikiliza nyota

Saa 12 asubuhi niko feri, chumba cha baridi cha samaki kimejaa barafu kwenye evaporeta, nikayeyusha nikasepa. Saa 3 Shangani, AC za kusafisha tu, chumvi ya bahari inakula kondensa huku acha kabisa.

Saa 5 akaja dogo mmoja anasoma chuo. Shikamoo fundi, marahaba, naomba unipozee hii. Kaampu kenyewe, yaani kifaa cha kukuza mawimbi hafifu ya redio, kanaenea kiganjani, kamefungwa kwenye dishi kuukuu la setilaiti, anasaka mawimbi ya redio ya haidrojeni ya angani, megahetzi 1420. Nikajua kazi ya leo hiyo.

Ishu ni kwamba kila chenye joto kinatoa kelele ya redio, hata waya, na sauti ya angani ni ndogo mno inamezwa. Ndo maana wale wa MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, risiva zao wanazipoza kwa mashine ya heliamu mpaka kama kelvini 20, yaani nyuzi 253 chini ya sifuri, huko gesi yetu ya R134a ishakuwa jiwe zamani. Naitrojeni ya kimiminika nayo inafika nyuzi 196 chini ya sifuri ila inachemka inaisha, kila saa unaongeza, nani ataweza?

Dogo alikuja na kigae cha Peltier, kile ukikipa umeme upande mmoja unapoa mwingine unapata moto. Saa 7 tukakibandika, hitisinki ya kutawanya joto na feni upande wa moto, tukawasha. Baridi ikaja kweli, ila kwa unyevu wa pwani hii ampu ikatoka jasho kama soda ya baridi, maji yanatafuta viungo vya umeme, nikazima fasta. Kitu hicho kinataka boksi lisilopitisha hewa na silika jeli ndani.

Saa 9 tukapiga hesabu. Kelele nayo inapimwa kwa kelvini kama joto, ya ampu yake ni kama kelvini 35, ukiishusha toka nyuzi 30 mpaka 20 chini ya sifuri unaokoa kelvini sita hivi. Sasa cheki kebo yake ndefu toka dishini mpaka kwenye ampu, inapoteza desibeli moja, yaani kama moja ya tano ya nguvu ya mawimbi, hiyo peke yake inaongeza kelvini 75! Mdogo wangu, unapoza nini sasa? Tukahamisha ampu ikakaa palepale kwenye fidi, pale mbele ya dishi panapopokea mawimbi, boksi jeupe, kivulini.

Peltier atairudisha baadaye kwa kazi nyingine, kushikilia joto lisipande lisishuke, maana ampu ikipata joto mchana ikapoa usiku vipimo vinahama. Hela yangu kasema mwisho wa mwezi.