"Cjalipa": somo kutoka kwenye terminali ya Rasa

Mama mdogo ni mweka hazina wa kikoba chao kule Muheza. Wiki ya marejesho simu yake hailali: kikao lini, hisa moja bei gani, rejesho mwisho siku gani. Nilimwahidi chatiboti ya Telegram, yaani programu inayojibu ujumbe yenyewe, ya kumpunguzia mzigo.

Nilitumia Rasa, programu huria ya kutengenezea chatiboti iliyoanzia Berlin, kwa sababu kazi karibu yote inafanyika kwa amri unazoandika kwenye terminali, lile dirisha la maandishi matupu la kompyuta. `rasa init` inakutandikia mradi mzima. Mifano ya maswali ya watu unaiandika kwenye nlu.yml, majibu kwenye domain.yml. `rasa train` inafunza modeli, yaani ubongo wa chatiboti, na kuihifadhi kwenye folda ya models, na kwa `rasa shell` unaongea nayo papo hapo. Telegram nayo ni mistari michache tu ndani ya credentials.yml, kisha `rasa run`.

Wiki ya pili niliongeza nia mbili mpya (nia ni kile anachokusudia mtu kwa ujumbe wake), "amelipa" na "hajalipa", nikafunza, nikapandisha kwenye seva. Jioni mama mdogo akapiga. Mwanachama mmoja ameandika "cjalipa bado naomba mnivumilie", chatiboti ikamjibu: "Asante kwa kulipa."

"Mwanangu, huyu mwenzetu ana aibu ya deni, halafu anashukuriwa. Si ataona tunamsimanga?"

Niliumia. Cha kwanza nilirudisha modeli ya zamani. Ukiandika `rasa run` peke yake, inachukua modeli mpya kuliko zote kwenye folda. Ya nyuma unaitaja kwa jina la faili yake baada ya `--model`. Ndiyo maana sifuti modeli hata moja.

Kisha nikaketi na `rasa shell nlu`, ambayo haijibu bali inakuonyesha imeelewa nia gani na kwa uhakika kiasi gani. "Sijalipa" ilipita kwa shida. "Cjalipa" ikaenda "amelipa", uhakika 0.91.

Usanidi unaokuja na Rasa unayakata maneno vipande vya herufi 1 hadi 4. Kwa Kiswahili hiyo ni neema kubwa, maana nitalipa, tulipe, mlilipaje zote zinakutana kwenye "lip". Lakini ukanushaji wetu unakaa mwanzoni mwa neno. Nimelipa na sijalipa mwisho wake ni "lipa" ileile. Tofauti yote imebebwa na "sija", na watu wetu kwenye simu wanaandika "cja". Mimi nilikuwa nimeweka mifano zaidi ya 30 ya waliolipa na 4 tu ya wasiolipa, yote kwa Kiswahili cha darasani.

Nikamwomba mama mdogo anisomee wanavyoandika hasa: cjaweka, bado cjatuma, hajanipa mume, rejesho langu bado. `rasa data validate` ikanionya kuwa "bado" nimeiweka kwenye nia zote mbili. Nikafunza upya, nikapima kwa `rasa test nlu --cross-validation`, inayoijaribu modeli kwa mifano ambayo haikufunzwa nayo, nikasoma mstari kwa mstari ilipochanganya.

Sasa anayesema hajalipa hajibiwi kitu kuhusu deni. Anaambiwa mweka hazina atampigia, na mama mdogo anampigia kweli. Kinachonisumbua wiki hii ni "nalipa kesho": wengine wanaahidi, wengine wanauliza kama kesho inaruhusiwa, na alama ya kuuliza hawaweki.