Mtoto anayeogopa shule: nini cha kumuomba Madamu

Tumbo linalouma kila siku ya shule na kupona Jumamosi si ujanja wa mtoto. Mpeleke kwanza kituo cha afya apimwe malaria na minyoo. Wasipoona kitu, chukua kaye (daftari) na uandike kwa wiki 2: ni siku gani, saa ngapi, siku hiyo kulikuwa na somo gani. Mara nyingi kunajitokeza jambo moja: kusoma mbele ya wenzake, choo, fimbo, au siku wanayosoma darasani majina ya wasiolipa minervale (pesa ya shule, kwa zile zinazolipisha). Hilo la mwisho halingoji mwanasaikolojia. Nenda ofisini, panga tarehe ya kulipa, na uombe mambo ya deni waambiwe wazazi peke yao.

Usimkamate Madamu, mwalimu wake, getini asubuhi. Tangu shule za msingi za serikali hapa Kongo zifanywe za bure mwaka 2019, madarasa ya Bukavu yamejaa, na saa hiyo hawezi kukusikiliza. Omba dakika 15 baada ya masomo, uende na maombi 3. Ukimpelekea 10 atayasahau yote, na kosa halitakuwa lake. Kwetu ya kwanza ni haya: mtu mmoja, yuleyule kila siku, ampokee mtoto mlangoni; mtoto akae benchi la mbele; na hofu ikimshika, aweke kikaratasi cha rangi mezani, atoke dakika 5 anywe maji, kisha arudi.

Hilo “kisha arudi” liandikwe kwenye kaye ya mawasiliano, maana hapo ndipo mipango mingi inavunjika. Mtoto analia tumbo, shule inapiga simu, mama anapanda pikipiki kuja kumchukua. Hofu inashuka palepale, na mtoto anajifunza kwamba dawa yake ni kwenda nyumbani. Kesho yake hofu inaamka na nguvu zaidi.

Kumwacha shuleni nako kuende polepole: wiki ya kwanza hadi mlango wa darasa, ya pili uwanjani, ya tatu getini. Muage kwa maneno machache na uondoke akikuona. Kutoroka kunamfundisha kukuchunga, na kuchungulia dirishani ni kubaya zaidi. Kusoma kwa sauti pia: kwanza kwa Madamu peke yake, halafu na rafiki mmoja, ndipo darasa zima.

Aliyeanza kuogopa baada ya milio ya risasi ana mambo yake. Usiku hapati usingizi, anakojoa kitandani, mvua ikipiga mabati anashtuka. Mwambie Madamu wazi, asimwone mkaidi, na amkalishe mbali na mlango unaobamizwa.

Hofu ikipita wiki 4, au mtoto anayeongea vizuri nyumbani akiwa bubu shuleni zaidi ya mwezi, ulizeni SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Bukavu. Watu wanaiogopa kwa kuwa ni ya “wagonjwa wa kichwa”, lakini kuuliza si kulazwa. Beba ile kaye.

Na baada ya likizo ya Noeli au Pasaka, anzeni tena hatua moja nyuma: kama alikuwa anaachwa getini, siku za kwanza mfikishe uwanjani.