Kutoka Josefov hadi Hamburg: kushuka taratibu baada ya tamasha

Jumapili inayofuata Brutal Assault, tamasha la muziki wa metali, yaani roki nzito (heavy metal), kazi ya kwanza ni kukunja hema likiwa bado na umande, na ya pili ni kunywa maji mengi. Tulikuwa Josefov, ngome ya matofali mekundu iliyojengwa kati ya 1780 na 1787 kwa amri ya Joseph II, mtawala wa Austria, ili kuwazuia Waprusi, majirani zake wa kaskazini. Leo ngome hiyo ni sehemu ya mji mdogo wa Jaroměř, kaskazini mashariki mwa Ucheki, na tangu 2007 tamasha hili hufanyika humo, majukwaa yakiwa katikati ya kuta nene zilizowekwa kukinga mizinga. Ngoma za besi zikianza kupigwa pale, mlio hugonga ukuta ukarudi na kukuingia kifuani. Baada ya siku kadhaa za namna hiyo mwili huwa umezoea kutikiswa, na ghafla hakuna wa kuutikisa.

Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Nakuru, naishi Hamburg na kufanya kazi katika makao ya wazee. Likizo yangu ya kiangazi cha 2025 niliipangia muziki wa metali: Wacken kwanza, tamasha kubwa la kaskazini mwa Ujerumani, kisha Josefov, kisha kurudi kwa treni bila haraka. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo nataka kuieleza, maana ndiyo nisiyoulizwa kamwe na Waafrika wenzangu. Huniuliza kama kelele haziniumizi, kama nilikuwa mweusi peke yangu, kama ni kweli watu wale wanamwabudu shetani. Hakuna anayeuliza mtu hushukaje kutoka kule juu.

Niliona wenzetu wengi wakikimbilia magari asubuhi hiyohiyo ili Jumatatu wawe kazini. Mimi nasema mtu akiweza kupata siku mbili tatu za katikati, azitafute. Muziki huu unapanda na damu. Unalala saa chache, unakula ukiwa umesimama, unapiga kelele hadi sauti inakwisha, na wakati wote unazungukwa na maelfu ya watu wanaokupigia tabasamu kwa sababu tu umevaa fulana ya bendi wanayoipenda. Ukikatwa hapo kwa ghafla, kinachofuata ni majonzi ambayo Wajerumani wengi wanaokwenda kwenye matamasha wanayajua vizuri. Huingia siku ya pili au ya tatu, ukiwa dukani unatafuta mkate.

Basi tulifuata mto. Jaroměř iko mahali mito ya Úpa na Metuje inapoingia Labe, na Labe ni jina la Kicheki la Elbe, mto unaopita Hamburg, karibu na ninapoishi, kabla ya kumwagika Bahari ya Kaskazini. Nilipoliona jambo hilo kwenye ramani, mpango wa kurudi ulijipanga wenyewe. Nilikuwa na rafiki yangu kutoka Arusha, anayeishi Leipzig, dada wa watu aliyenifundisha kuchimbia vigingi vya hema kwenye ardhi laini. Tulipanda treni ya kwenda Hradec Králové, tukalala Praha, na siku ya pili yake tukashika treni ya kaskazini. Kutoka Praha reli hukimbia kandokando ya maji kwa saa nzima na zaidi, hadi Děčín, ambako majabali ya mchanga husimama pande zote mbili na mto kubanwa katikati.

Ndani ya treni ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza. Kwenye tamasha huwezi kuzungumza. Unapiga kelele sikioni mwa mtu, naye anatikisa kichwa. Tuliongea kuhusu Wacken.

Kwa wasiopajua, Wacken ni kijiji cha wakulima kule Schleswig-Holstein chenye wakazi wapatao 2,000. Mwaka 1990 vijana wawili wa huko, Thomas Jensen na Holger Hübner, waliandaa onyesho dogo lililohudhuriwa na watu 800 hivi. Sasa kila mwaka hufika watu wapatao 85,000. Bendi ya matarumbeta ya kikosi cha zimamoto cha kijiji hupanda jukwaani, na watu wenye tatuu hadi shingoni huwashangilia wazee wale wa matarumbeta kwa moyo wote. Mvua ikinyesha, mashamba yanageuka uji. Mwaka 2023 hali ilikuwa mbaya hata waandaaji wakalazimika kusimamisha kuingiza watu, na maelfu wenye tiketi wakabaki nje. Mwaka 2025 pia tulikanyaga matope, gambuti zikizama hadi kifundoni. Siku ya kuondoka wakulima huja na matrekta, wanafunga kamba, wanavuta gari moja baada ya jingine hadi barabarani. Mimi nimekulia kwenye shamba la mahindi na najua trekta ni mali ya namna gani, na najua mkulima anavyoumia akiona udongo wake umesagwa vile. Nilisimama nikiwatazama kwa muda mrefu, na heshima niliyokuwa nayo kwa tamasha lile ikazidi.

Kuna jambo jingine la Wacken ambalo mtu wa kazi yangu hawezi kulipita. Wametenga kambi ya walemavu, Wheels of Steel, pamoja na mahali pa kutazamia wasifunikwe na umati. Nimeona mtu akiinuliwa pamoja na kiti chake cha magurudumu, akipita juu ya mikono ya mamia ya watu kuelekea jukwaani, akicheka na kulia kwa pamoja. Mikono ile ilimshika kwa uangalifu ambao sisi tunaolipwa kuwabeba watu tunapaswa kuutazama.

Lakini kiangazi hicho kilikuwa na kivuli, na mazungumzo ya treni yalituongoza huko. Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, bendi iliyoanzisha muziki huu, alifariki tarehe 22 Julai, akiwa na miaka 76, wiki moja tu kabla Wacken haijafunguliwa. Siku 17 kabla ya hapo, tarehe 5 Julai, alikuwa ameimba kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, mtaa wa Aston alikokulia. Black Sabbath wote wanne wa mwanzo walikuwepo: yeye, Tony Iommi, Geezer Butler na Bill Ward, pamoja kwa mara ya kwanza tangu 2005. Fedha zilipelekwa kwenye utafiti wa Parkinson (ugonjwa unaotetemesha na kukakamaza mwili), hospitali ya watoto ya Birmingham na makao ya watoto walio mahututi.

Sikuweza kwenda. Kibali changu cha kuishi Ujerumani kinaniruhusu kuzunguka nchi nyingine za Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, hadi siku 90 katika kila siku 180, na ndiyo maana Ucheki tuliingia bila maombi yoyote. Uingereza ni habari nyingine: mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza, hata awe ameishi Ujerumani miaka mingapi. Kwa hiyo nilitazama kwenye matangazo ya kulipia mtandaoni, nikiwa sebuleni kwangu.

Aliimba ameketi kwenye kiti kikubwa cheusi, kwa sababu Parkinson, aliyoitangaza hadharani mwaka 2020, ilikuwa imemnyang'anya miguu. Wengine waliona mfalme kwenye kiti chake. Mimi niliona mikono. Najua namna mkono wa mgonjwa wa Parkinson unavyotafuta mahali pa kutulia. Najua dawa zisipotolewa kwa saa yake kamili mwili hukakamaa katikati ya tendo la kawaida kabisa, kama kuinua kikombe. Nilijua ni juhudi gani iliyomfikisha pale, na ni watu wangapi waliomwamsha, wakamvisha, wakampa vidonge kwa saa, ili aweze kukaa mbele ya umati ule na kupiga makofi. Nililia, na sikuyafuta machozi. Katika kazi yangu nimeona watu wengi wakiondoka bila mtu wa kuwaambia asante. Yule aliambiwa na uwanja mzima, akiwa hai na akisikia.

Rafiki yangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada, pole. Nyimbo zao zilikuwa kwenye kila hema, na sikuelewa kwa nini wewe ulikuwa unaondoka kila zikianza." Ilikuwa ni kweli.

Watu husahau muziki huu ulitoka kwa vibarua. Ozzy alifanya kazi machinjioni. Tony Iommi, mpiga gitaa, alikuwa kwenye kiwanda cha mabati, na akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule anaoutumia kubonyeza nyuzi. Alijitengenezea vifuniko kutoka kwenye plastiki ya chupa aliyoiyeyusha, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegezwa zikatoa sauti nzito ya chini, na sauti hiyo vijana wa dunia nzima wameifuata. Ninapowasikia Wakenya wakisema metali ni upuuzi wa watoto wa matajiri, huwa nawaeleza habari za vidole hivyo.

Mama yangu naye ana hoja yake, na ninamheshimu. Nilimpigia simu kutoka Praha, aliona picha yangu nimeinua vidole viwili, cha shahada na cha mwisho, akauliza, "Mwanangu, hizo pembe ni za nani?" Nikamweleza kuhusu Ronnie James Dio, aliyeingia Black Sabbath baada ya Ozzy na kuisambaza ishara ile. Dio aliipata kwa bibi yake mwenye asili ya Italia, ambaye aliitumia kujikinga na jicho baya. Mama alinyamaza kidogo. Bibi yake mwenyewe alikuwa akifunga uzi mweusi mkononi mwa watoto kwa sababu hiyohiyo. "Basi vaa pia rozari yako," akasema. Ninaivaa, Mama, hata ndani ya umati.

Mpakani, Bad Schandau, walipanda polisi. Ujerumani ilirejesha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, kwa hiyo mwenye kusafiri hivi achukue pasipoti na kadi ya ukaazi, nakala kwenye simu haitoshi. Ilichukua dakika chache. Mmoja wao alitazama kizibao changu cha jinzi, kilichojaa viraka vya bendi, akaona bendera ya Kenya mgongoni na kuuliza kama huko kwetu kuna metali.

Swali hilo nimelipenda kuliko yote safari nzima. Nikamtajia Duma, vijana wawili wa Nairobi ambao mwaka 2020 walitoa albamu kupitia kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikawashtua hata Wazungu waliodhani wamesikia kila aina ya fujo. Nikamtajia Lord Spikeheart, mmoja wa wale wawili, na albamu yake mwenyewe ya 2024. Yeye ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyepigana msituni akiwa na cheo cha juu cha kijeshi, Field Marshal. Nikamtajia bendi ya Last Year's Tragedy, niliowaona Nairobi nikiwa bado chuoni, enzi redio ya X FM ikitupigia roki usiku kucha. Yule polisi aliandika majina yale kwenye simu yake. Ninaamini atawasikiliza.

Na ndiyo, weusi tulikuwa wachache sana, Wacken na Josefov pia. Wapo waliotukodolea macho, na wapo waliotaka picha na sisi kama vile tumetoka sayari nyingine. Hilo lilinichosha. Lakini nilipoteleza katikati ya mduara wa watu wanaorukaruka na kusukumana mbele ya jukwaa, mikono mitano sita ilinidaka kabla goti halijagusa matope, na hakuna aliyeuliza natoka wapi. Hayo yote mawili ni kweli, nami nayabeba yote mawili.

Dresden tukaagana. Rafiki yangu alishuka kushika treni ya Leipzig, akaniachia nusu ya chapati alizopika kabla ya safari, ngumu kama kadibodi lakini za nyumbani. Nikaendelea hadi Berlin. Kutoka hapo njia ya kawaida ya kwenda Hamburg ilikuwa imefungwa kwa matengenezo tangu tarehe 1 Agosti, treni zikizungushwa kupitia Stendal na Uelzen. Dakika 45 za ziada. Nilizifurahia.

Masikio yangu yalikuwa bado yanalia kidogo, ingawa nilivaa vizibo muda wote. Kwa yeyote anayepanga kwenda, tafadhali vaa. Huku Ulaya mwajiri analazimika kumkinga mfanyakazi kelele zikifika desibeli 85, na mbele ya jukwaa zinapita hapo. Ukirudi yapumzishe, bila simu wala vipokea sauti vya kichwani, hadi mlio uishe. Usipoisha kwa siku kadhaa, nenda kwa daktari. Hayo ni masikio, hayana vipuri.

Nilirudi kazini nikiwa nimelala vya kutosha. Mmoja wa wazee ninaowahudumia ana Parkinson, na mlangoni pa chumba cha chakula miguu yake hugoma kabisa. Inajulikana kwamba mapigo yenye mpangilio huwasaidia wagonjwa hawa kuanza hatua, nasi huhesabu nao moja, mbili. Asubuhi ile nilimgongea kwenye kitembezi chake mdundo wa polepole wa Black Sabbath, ule mzito wa mwanzo. Mguu wa kulia ukanyanyuka, kisha wa kushoto. Alipofika mezani akaniuliza huo ni wimbo gani, nikamwambia ni wa vijana wa kiwandani. Sasa huugonga mwenyewe.

Maombi ya viza ya Uingereza nitayapeleka msimu wa baridi, mara tu zamu za mwakani zitakapopangwa. Nataka kusimama Broad Street, Birmingham, kwenye daraja lililopewa jina la Black Sabbath, pale watu walipoweka maua kumuaga Ozzy. Rafiki yangu wa Leipzig ameshasema tutakwenda pamoja, na safari hii chapati nitapika mimi.