Hadithi Namba 27: Nilivyoendesha Shindano la Hadithi Fupi

Nilipokubali kuandaa shindano la hadithi fupi kwa waandishi wa eneo letu, nilidhani kazi kubwa ingekuwa kutafuta zawadi na kuwavuta washiriki. Zawadi ilipatikana kwa michango ya wapenzi wachache wa fasihi, na miswada ikamiminika. Kilichonihangaisha ni jambo ambalo mwanzoni sikulitilia maanani, yaani namna ya kuhakikisha kwamba kila hadithi inasomwa kwa haki.

Katika kuandaa masharti, niliangalia kwanza wanavyofanya wengine. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, kwa mfano, hupokea hadithi za maneno 2,000 hadi 5,000 bila ada ya kushiriki. Kwa kuwa majaji wetu walikuwa watatu tu, niliweka ukomo wa maneno 2,000, hadithi moja kwa kila mshiriki, na iwe haijachapishwa popote. Tuliandika pia kwamba hakimiliki inabaki kwa mwandishi, nasi tunaomba ruhusa ya kuichapisha hadithi mara moja tu katika kijitabu cha washindi. Sharti hili nalisisitiza, kwa sababu mwandaaji anayejitwalia haki zote, hata za hadithi zisizoshinda, anamnyang'anya mwandishi jasho lake. Penye tarehe ya mwisho niliteleza: niliandika "saa sita usiku" bila kufafanua kama ni usiku wa kuamkia siku hiyo au ule wa kuimaliza, na wanne waliochelewa kwa kunielewa vingine ikabidi niwapokee, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Majaji hawakupaswa kujua nani kaandika nini. Kila hadithi niliipa namba, na majina nikayaweka katika daftari ambalo halikutoka mikononi mwangu, nami sikutoa alama. Hata hivyo, jina la mwandishi hujificha mahali pengi: juu ya kila ukurasa, katika jina la faili, na hata katika taarifa za ndani za faili ambazo kompyuta huzihifadhi yenyewe. Mswada mmoja ulikuja umeandikwa kwa penseli katika daftari la shule. Nilikaa jioni mbili nikiupiga chapa neno kwa neno, pamoja na makosa yake ya tahajia, ili jaji yeyote asiuonee huruma wala kuudharau kwa sababu ya mwandiko.

Majaji walisoma kila mmoja kivyake, kisha wakaniletea alama. Hadithi namba 27 ilipata 88 kwa jaji mmoja, 62 kwa wa pili na 41 kwa wa tatu. Kwa wastani ingetupwa nje ya mchujo, lakini niliona kwamba alama zinazopishana kiasi hicho zinaonyesha tatizo katika usomaji wetu, si lazima katika hadithi. Nikawaita majaji, tukausoma kwa sauti ukurasa wa mwisho. Hadithi ilianza kwa sentensi "Mama alifunga mlango", ikaisha kwa "Mama aliufunga mlango". Kiambishi kimoja tu kimeongezeka, na kwa hicho msomaji anatambua kwamba mlango wa mwisho ndio ule ambao familia nzima iliuacha wazi miaka yote ikimngoja mtoto asiyerudi. Jaji aliyetoa 41 alikuwa ameisoma usiku, ikiwa ya mwisho katika fungu lake, na akakiri kwamba ile "u" haikumwingia kabisa. Aliomba karatasi yake ya alama, akairekebisha mbele yetu. Hadithi hiyo ilishika nafasi ya pili.

Baada ya matokeo, kila mshiriki alipelekewa maoni mafupi: kitu kimoja kilichofanikiwa katika hadithi yake na kimoja cha kutengeneza. Kazi hiyo ilichosha kuliko zote, lakini sioni namna ya kuiacha, maana mtu aliyekupa hadithi yake anastahili kujua kwamba ilisomwa hadi mwisho. Kwa awamu ijayo nimeshapanga kila jaji apewe hadithi kwa mpangilio tofauti, asisome zaidi ya tano kwa siku, na kila zinapopishana alama kwa zaidi ya 20, hadithi isomwe upya kwa sauti kabla wastani haujapigwa.