Springi za kalamu ndizo zilizoiokoa mazabodi yangu

Kwanza salamu kwa yule jamaa aliyeniambia, "Kaka, hiyo prosesa inachemka, kanunue kipoza kikubwa, biashara imekwisha." Laki na ushee ikanitoka, na kompyuta yangu ikazidi kuwa mbovu.

Nahariri video za harusi hapa Mbagala, kwenye chumba cha bati ambacho mchana hata pangaboi linazungusha joto tu. Mashine yangu ni FX-8350, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD ya mwaka 2012. Kizee, lakini kina kori nane na nimekizoea. Kinakula wati 125, nami nilikikalisha kwenye mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba kila kitu, ya bei chee ambayo jina lake nalihifadhi.

Tatizo lilikuwa hili: naanza kurenda, yaani kompyuta kuitoa video iliyokamilika, kasi inasoma 4.0 GHz, roho safi. Dakika kumi baadaye inaporomoka hadi 1.4, inakaa kidogo, inapanda, inaporomoka tena, kama dereva wa daladala anayeona trafiki kila kituo. Na joto la prosesa? Nyuzi 58 tu, bado haijafika pabaya. Hapo ndipo ningeshtuka, ila mimi nikamsikiliza jamaa.

Kipoza kipya, lile limnara, kikaishusha prosesa hadi 50, na kasi ikawa inaanguka ndani ya dakika tano badala ya kumi! Nilikuja kuelewa siku nilipofungua ubavu wa kasha na kugusa kwa kidole vile vidude vyeusi vilivyojipanga kando ya prosesa, karibu na plagi ya umeme ya pini nne. Kidole kiliniwasha siku mbili. (Tumia kipimajoto, usiwe kama mimi.) Hizo ni mosfeti. Kazi yake ni kuushusha umeme wa volti 12 hadi kama 1.3 inayotakiwa na prosesa, na kwa wati 125 hapo zinapita karibu ampea 100. Kwenye bodi za maana zinavishwa hitisinki, vyuma vyenye mapezi vya kutawanya joto, yangu ilikuja uchi. Feni ya zamani ilikuwa inapuliza kuelekea chini, kwa hiyo majirani nao walipata upepo. Mnara ukaupeleka upepo wote nyuma ya kasha. Mosfeti zikichemka, bodi inaibana prosesa isikimbie.

Alumini nilikuwa nayo: amplifaya mbovu ya mjomba, ambayo aliniachia "uiangalie". Nikakata kipande chenye mapezi kwa msumeno wa chuma, nikasugua tako lake kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka likawa tambarare, nikapaka pesti ya kupitisha joto katikati na supagluu kwenye kona. Nilijiona injinia. Saa nane usiku, nikiwa nimebakiza keki na zawadi za wazazi, nikasikia *ta!* na giza kwenye skrini. Gundi ile haipatani na joto, na bodi ndani ya kasha imesimama wima, kwa hiyo kipande kilidondokea mgongoni mwa kadi ya grafiki, penye misumari yote ya solda. Pawa saplai ilijizima yenyewe, Mungu ambariki aliyeiunda. Nilikaa kitandani nusu saa nikiogopa kuwasha.

Asubuhi nikaiangalia ile bodi vizuri. Pembeni ya mosfeti kulikuwa na matundu mawili, kiwanda kilitoboa kwa ajili ya hitisinki kisha kikaghairi kuiweka. Basi nikatoboa alumini matundu mawili yanayolingana nayo. Nikachukua mshipi wa kuvulia, springi mbili za kalamu za kubonyeza, na vifungo viwili vya shati. Mshipi unapita kwenye springi, kwenye alumini, kwenye bodi, nyuma unafungwa kwenye kifungo. Springi zinakandamiza bila kuvunja kitu. Chini nikaweka pedi laini ya kupitisha joto ya milimita moja, ya elfu kumi hivi Kariakoo. Pesti peke yake haifai hapo kwa sababu mosfeti hazilingani urefu, na vibati vyake vina umeme, alumini ikivigusa umeunguza. Angalia pia mapezi yasiguse kapasita, vile vikopo vidogo kwenye bodi.

Kisha nikafunga kifeni cha sentimita 8 kutoka kwenye pawa saplai nyingine iliyokufa, kipulize hapo hapo. Niseme ukweli, nusu ya kazi inafanywa na hicho kifeni. Na volti za prosesa nilizipunguza kidogo kwenye bayosi (mipangilio ya ndani ya mazabodi), jambo ambalo halikuwa na gharama yoyote tangu siku ya kwanza.

Sasa narenda saa tatu mfululizo, 4.0 haitikisiki, labda mchana wa mwezi wa pili ndio inayumba kidogo. Juzi mjomba kapiga simu kuuliza amplifaya yake imefikia wapi. Nimemwambia, "Shikamoo mjomba, bado nasubiri spea."