Viazi vya shilingi 0.00

Julai 2011 nilikuwa likizo Uyole kwa mama mdogo, aliyekuwa akinunua viazi kwa wakulima na kuvisafirisha Dar. Usiku, kwa baridi ile ya Mbeya, nilijifunika blanketi, kompyuta mapajani, nikimwandikia programu ya kumpigia hesabu za daftari lake. Kwa lugha ya C, maana ndiyo pekee niliyoijua.

Nikajitia ufundi, nikagawa kazi kwenye mafaili mawili. Hesabu.c lilikuwa na fankisheni (kipande cha programu chenye jina na kazi yake) ya malipo: inapokea kilo na bei kama desimali, inarudisha desimali. Kwenye faili kuu nikaiita tu kwa mkulima wa kwanza, kilo 85 kwa shilingi 400: malipo(85, 400). Kompaila, ile inayogeuza maandishi kuwa programu ya mashine, haikusema neno. Nikamwita mama.

Kioo kikaandika 0.00.

"Kumbe huyu kanipa bure," akasema, akarudi jikoni.

Nilikesha. Kuzidisha kulikuwa sawa, nilikukagua mara tatu. Mwishowe nikaiambia malipo ichapishe kilo ilizopokea. Hazikuwa 85, zilikuwa takataka.

Faili kuu halikuwa na prototaipu ya malipo, yaani mstari wa kutangaza inapokea nini na inarudisha nini. Kwa kanuni za C ya 1989, fankisheni isiyotangazwa hudhaniwa inarudisha int, yaani namba kamili, na 85 isiyo na nukta hutumwa kama int vilevile. Kwenye prosesa yangu ya biti 64, namba kamili zina rejista zake (vijisanduku vya ndani ya prosesa) na desimali zina zake. Kilo zangu zilipita mlango mmoja, malipo ikazisubiri mlango mwingine, ikaokota ilichokikuta pale. Linka, inayounganisha mafaili, nayo huangalia jina tu. Ni ule ugomvi wa gunia: mkulima anasema gunia, mnunuzi anasema gunia, kumbe mmoja anawaza lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi.

Kilichoniudhi zaidi ni ule ukimya. C ya 1999 ilishapiga marufuku kuita fankisheni isiyotangazwa, ila kompaila yangu, GCC ya wakati ule, ilifuata ya zamani, na bila kuiwekea -Wall, swichi ya kuwasha maonyo, haikuonya. Nilipoiweka, onyo likatoka papo hapo. (GCC 14 ya 2024 inakataa kabisa. Vijana wa leo wanadekezwa.)

Nikaandika prototaipu kwenye faili la tatu, hesabu.h, nikaliingiza kwenye mafaili yote mawili. 34000.00. Alfajiri nikampelekea mama kompyuta jikoni. Akachungulia, akafungua daftari.

"Huyo nilishamlipa jana, mwanangu. Soma wa pili."