Makrinitsa: nyumba za mulimani zenye zilijengwa na makuta ya Afrika

Batu ya Lubumbashi bakisikia Ugiriki banawaza paka visiwa na nyumba nyeupe. Na Bagriki tunabajua toka zamani, kanisa yao ya Orthodoksi iko hapa mujini, na ku Kasenga wazee banakumbuka vile Bagriki balikuwa banapakia samaki ya Luapula na barafu mu kamyo banaleta mpaka huku, wakati muji ilikuwa ingali Elisabethville. Lakini mi nataka niongee juu ya mulima moja ya Ugiriki.

Mulima inaitwa Pelion, iko juu ya muji wa Volos, na kijiji ya Makrinitsa imekamata ku ubavu wake, zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Bisi inapanda inazunguka zunguka mpaka masikio yanaziba, kisha inabaki ku mwanzo wa kijiji, juu mule ndani ni njia za mawe tu, za kutembea na miguu na punda.

Pa kati pa kijiji kuko kiwanja chenye miti ya platani, mikubwa na ya zamani kabisa, na robine ya marimari yenye haifungwake, na kakanisa kadogo ka Yoane Mubatizaji. Ukisimama pale unaona Volos yote na bahari yake chini ya miguu yako. Banasema Jason, shujaa wa hadisi ya zamani ya Bagriki, na benzake balitokea ile pwani na mashua yao Argo, mbao yake ilikatwa ku huu mulima. Pembeni kuko nyumba ya kahawa yenye ukuta wake ilipakwa rangi na Theophilos, fundi maskini mwenye alikuwa anachora juu ya kupata sahani ya chakula. Alichora Katsantonis, mupiganaji wa kupinga Baturuki, anakula na batu yake kule porini. Nilikaa mbele ya ile ukuta mpaka kahawa ikapoa.

Sasa nyumba. Wakati ya utawala ya Baturuki ile vijiji iliishi na hariri na ngozi, kisha mu karne ya 19 banaume mingi bakaenda Misri, Alexandria na Cairo, bakafanya bizinesi, na wenye balipata bakarudi kujenga manyumba makubwa yenye nguzo, na nyumba za masomo, na mabomba ya maji. Hata lopitali ya Volos inabeba jina la familia moja ya Pelion yenye ilitajirika kule Misri.

Pale njo mi mutu wa Katanga nilisimama sana. Tumezoea kuona mali inatoka mu udongo yetu, hatuonake kwenye inaenda kufikia. Nabaheshimia, kweli kabisa, juu mutu alitumika mbali akakumbuka watoto ya kwao bakuwe na masomo. Lakini balimaji ba Misri benye balitosha ile pamba yenye ilitajirisha Alexandria, jina yao sikuiona ku ukuta hata moja, na ile iliniuma.

Ukienda, kula spetzofai, ni sosisi na pilipili tamu mu nyanya, tamu sana. Na uvae viatu vya nguvu, mawe inateleza.

Sasa naomba kitu: kama uko na muzee mu famii mwenye alitumikaka na Bagriki ku Kasenga, umuulize ile Bagriki balitoka ku kijiji gani, kisha uniandikie hapa.